Mashine ya kusafisha damu haijiendeshi
Kuna kauli ya siku nyingi hapa Dodoma, utaisikia hata kwenye benchi wanaposubiri ndugu wa wagonjwa: kusafisha damu ya mgonjwa wa figo ni kazi ya mashine, nesi anabonyeza tu kitufe. Si kweli.

Kabla mgonjwa hajaunganishwa, nesi ameshampima presha na uzito, maana kilo zilizoongezeka tangu mara iliyopita ndizo zinazoonyesha maji ya kutoa. Kisha anaweka vidole kwenye mkono wenye fistula, pale mishipa ya damu ilipounganishwa kwa upasuaji, akisikilizia mtetemo. Usiposikika, huenda mshipa umeziba, na sindano haichomwi. Maji yakitolewa haraka mno presha hushuka na misuli hukaza. Mgonjwa anaanza kupiga miayo, jasho linamtoka, na nesi aliyezoea huliona hilo mapema. Kila kipindi huchukua muda wa saa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki.

Ujuzi huu hautoki kwenye diploma ya uuguzi peke yake. Unahitaji mafunzo ya ziada kitengoni, chini ya mzoefu. Kwa hiyo nikisikia mashine mpya zimeletwa, nafurahi, kisha nauliza: zamu ya usiku yuko nani, na amefundishwa?