Kiangazi Chenye Baridi: Maana ya Tabianchi ya Bahari

Neno kiangazi limebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mkazi wa Nairobi anapolisikia huwaza joto na ukavu pamoja: Januari na Februari, vumbi linatimka kando ya barabara, nyasi zimegeuka rangi ya makuti, na watu wanapanga foleni ya mitungi palipo na maji. Watafsiri wetu hulitumia neno hilohilo kutaja miezi ya Juni, Julai na Agosti ya Ulaya, na wengine husema majira ya joto, jambo ambalo halisaidii sana kwa sababu nalo linaahidi kitu ambacho sehemu kubwa ya pwani ya magharibi ya Ulaya haipati kwa uhakika.

Mpwa wangu alikwenda kusoma Galway, mji ulio kwenye pwani ya magharibi ya Ireland, akiwa amejinunulia katika soko la Gikomba mashati mepesi na viatu vya wazi kwa ajili ya kiangazi hicho. Katika wiki ya kwanza ya Julai alinipigia simu akiwa amejibanza kwenye kibanda cha kituo cha basi, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga paa. "Mjomba, kwani hiki ndicho kiangazi walichosema?" Nilimjibu nikiwa nimevaa sweta, kwa kuwa Julai ndio mwezi wetu wa baridi hapa Nairobi. Hata hivyo, joto la mchana la Julai Nairobi hufika wastani wa nyuzi 22 hivi, ilhali Galway, katika mwezi huohuo ambao ndio wenye joto zaidi kwao, mchana huwa na nyuzi 18 au 19. Mwezi wetu wa baridi kuliko yote unaushinda kwa joto mwezi wao wa joto kuliko yote.

Kosa la kwanza, basi, ni la neno. Majira ya nchi za kaskazini hupimwa kwa jua wala si kwa mvua. Karibu na tarehe 21 Juni jua hufika upeo wake wa kaskazini, na Galway hupata mchana wa saa 17 hivi. Mwanga upo tele. Swali la kuuliza ni huo mwanga unakwenda wapi, na jibu lake ndilo linaloitwa tabianchi ya bahari: tabianchi ya mahali ambapo hewa inayofika kila siku imetoka baharini, na kwa hiyo imekwisha kuchukua tabia za bahari kabla haijagusa nchi kavu.

Tabia hizo mtu anaweza kuzipima kwa mkono akipanda juu ya nyumba yoyote ya kupanga mtaani Umoja au Kayole, siku ya Februari saa nane mchana. Bati la kibanda cha kufulia huwezi kuliweka kiganja. Hatua mbili kutoka hapo kuna tangi jeusi la maji lililopigwa na jua lilelile tangu asubuhi. Fungua koki yake ya chini, nayo maji yanatoka ya uvuguvugu tu. Rudi saa kumi na moja alfajiri: bati limepoa hadi limelowa umande, na maji ya tangi bado yana uvuguvugu wa jana. Bati hupokea haraka na kutoa haraka. Maji huchelewa kupokea, na yakishapokea hayaachii kwa urahisi.

Sababu za maji kuchelewa hivyo ni kadhaa, na zote zinafanya kazi pamoja. Ili kuongeza joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitajika takriban jouli 4,180 za nishati, ilhali kilo 1 ya mchanga mkavu huhitaji jouli 800 hivi. Tena, juani mchanga hupata moto kwenye tabaka la juu tu; mtoto akifukua kwa kijiko kina cha kiganja kimoja anakuta ubaridi. Baharini mwanga hupenya mita nyingi kwenda chini, kisha mawimbi na upepo huyakoroga maji hayo, hivi kwamba joto la siku moja linagawanywa katika wingi wa maji usio na kifani. Sehemu nyingine ya nguvu ya jua haipashi kitu chochote joto, bali hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo, kama tutakavyoona, haupotei bure.

Matokeo yake ni bahari iliyochelewa. Jua linapokuwa juu kabisa mwezi wa Juni, Atlantiki bado imebeba ubaridi wa majira yaliyopita, na upepo unaopita juu yake hupoa kwa kiasi hichohicho. Kufikia mwisho wa Agosti, wakati jua limeanza kushuka na shule zinakaribia kufunguliwa, ndipo maji ya ghuba ya Galway yanapofika kilele chake, nacho ni nyuzi 15 au 16 tu. Wakati wa baridi deni hulipwa: bahari hutoa polepole ilichoweka, na pwani haiganduki.

Linganisha Edinburgh na Moscow, miji iliyo karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 56 kaskazini hivi. Edinburgh ina wastani wa nyuzi 4 Januari na nyuzi 15 Julai. Moscow, iliyo mbali na Atlantiki, hushuka hadi nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri Januari na kupanda karibu na 19 au 20 Julai. Jua ni lilelile. Tofauti ni kwamba mmoja unaishi jirani na tangi na mwingine unaishi juu ya bati.

Hata hivyo, kuwa kando ya bahari peke yake hakutoshi, na hapa ndipo maelezo mengi ya shuleni yanapokatika mapema mno. New York iko ufukweni mwa Atlantiki hiyohiyo, na wastani wake wa Julai ni nyuzi 25 hivi, joto la jasho na feni. Katika latitudo za kati, kati ya nyuzi 40 na 60, upepo mkuu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unapofika Ireland umetoka baharini. Unapofika New York umetoka bara, juu ya maelfu ya kilomita za ardhi iliyopata moto. Kinachoamua ni upepo umepita wapi kabla ya kukufikia, na ndiyo maana tabianchi hii hupatikana zaidi kwenye pwani za magharibi: Ireland, Uingereza, Uholanzi, pwani ya Norway, kusini mwa Chile. New Zealand nayo imo, kwa kuwa imezungukwa na maji pande zote.

Hayo yote yanaeleza ubaridi. Mvua ina sababu yake nyingine, na ushahidi ulio wazi zaidi ninaoujua ni mji wa San Francisco. Kiangazi chake ni cha baridi kweli kweli: maji baridi huibuka kutoka kilindini kwenye pwani ya California, ukungu huingia mjini, na watu huvaa makoti mwezi wa Julai. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti mvua karibu haipo kabisa. Bahari imeleta ubaridi na unyevu bila kuleta mvua, kwa kuwa unyevu peke yake haunyeshi. Lazima kiwepo kitu cha kuiinua hewa hadi ipoe na mvuke ugeuke matone. Juu ya Pasifiki ya Kaskazini, wakati wa kiangazi, hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, ambamo hewa hushuka badala ya kupanda, na hewa inayoshuka huzuia mvua kama kifuniko juu ya sufuria.

Atlantiki nayo ina kifuniko cha namna hiyo karibu na visiwa vya Azores, lakini kwa kawaida hakifiki hadi Ireland na Scotland. Nchi hizo hubaki kwenye mpaka ambapo hewa baridi ya ncha ya kaskazini hukutana na hewa ya uvuguvugu kutoka kusini. Hewa hizi mbili hazichanganyiki kwa amani. Ile ya uvuguvugu, ambayo ni nyepesi, hupanda mgongoni mwa ile ya baridi, hupoa ikipanda, na mvuke wote iliouchukua baharini hugeuka wingu na mvua. Juu ya mpaka huo, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, hupita mto wa upepo wenye kasi unaoiongoza mizunguko ya mgandamizo mdogo wa hewa kutoka magharibi, mmoja baada ya mwingine, kama matatu za njia moja zinazofuatana. Wakati wa kiangazi mizunguko hiyo hupungua nguvu na njia yao husogea kaskazini kidogo, ila haifungwi. Inyeshapo asubuhi, mchana jua linaweza kutoka, na kesho yake mzunguko mwingine ukafika.

Milima ikiwepo mambo huzidi. Bergen, mji wa Norway uliozungukwa na milima saba, hupokea hewa ya bahari ambayo haina pa kupita ila juu, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,200 za mvua.

Lakini msomaji asidhani kwamba mvua hizi ni nyingi kila mahali. London, mji wenye sifa ya mvua duniani kote, hupata milimita 600 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho ni kidogo kuliko cha Nairobi. Sisi mvua yetu huja kwa vishindo: Aprili hufurika barabara, kisha miezi inapita bila tone la maana. Kwao hugawanywa kidogokidogo mwaka mzima, na katika sehemu nyingi za pwani hizo miezi ya vuli na ya baridi ndiyo hupata zaidi. Kwa hiyo kusema kwamba kiangazi chao ni majira ya mvua si sahihi sana. Sahihi zaidi ni kwamba hawana majira ya kiangazi kwa maana yetu sisi, yaani majira ambayo mvua hukatika.

Waingereza wana usemi wa zamani kuhusu Mtakatifu Swithin: mvua ikinyesha tarehe 15 Julai, itanyesha siku 40. Hesabu hiyo haisimami ikipimwa siku kwa siku, ingawa kuna chembe ya ukweli ndani yake, kwa maana ule mto wa upepo wa juu, ukishatulia mahali katikati ya kiangazi, huweza kubaki hapo kwa majuma. Ukikaa kusini, kiangazi chote huloa, kama ilivyokuwa Uingereza mwaka 2012. Ukikaa kaskazini, kifuniko cha Azores hupanuka na nchi hukauka, kama mwaka 1976. Na upepo ukigeuka ukatoka kusini na bara, bahari hupoteza mamlaka yake kabisa: tarehe 19 Julai 2022, huko Coningsby, Uingereza, kipimajoto kilifika nyuzi 40.3.

Mtaalamu wa tabianchi Wladimir Köppen, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1846, aliyapanga haya yote kwa herufi, na tabianchi ya bahari kwake ni Cfb. C inamaanisha kwamba mwezi wa baridi kuliko yote si wa kuganda lakini pia haufiki wastani wa nyuzi 18. F, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya unyevunyevu, kwamba hakuna majira makavu. B kwamba hata mwezi wa joto zaidi hauzidi wastani wa nyuzi 22. Jambo la kuchekesha ni kwamba Nairobi nayo ina C na b, na zipo nyanda za juu za tropiki zenye Cfb kamili.

Herufi zimefanana, ila chanzo sicho. Ubaridi wetu ni wa mwinuko, kwa kuwa mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ule utusitusi wa Julai, manyunyu yasiyojaza hata beseni na wingu linalokaa hadi saa tisa alasiri, huletwa na kusi, upepo unaotoka sehemu za Bahari ya Hindi ambako wakati huo ni majira ya baridi, kisha ukapanda kuja kwetu na kupoa njiani. Mpwa wangu aliposema kwamba wingu la Galway linamkumbusha asubuhi za Limuru, mji wa nyanda za juu karibu na Nairobi, hakuwa mbali na ukweli. Mawingu yote mawili ni hewa ya bahari iliyoinuliwa. Mwezi wa Septemba alinitumia picha wanafunzi wenzake wakiogelea baharini chini ya jua hafifu, yeye akiwa ufukweni na koti lake limefungwa hadi kidevuni.