Mionzi inavyobadilisha umbo la metali ya urani

Ukitaja mionzi hapa Arusha watu wanawaza eksirei za hospitali au zile ofisi za Tume ya Nguvu za Atomu pale Njiro, ila mionzi inabadilisha hata umbo la metali ya urani, ile inayotumika kama fueli kwenye vinu vya nyuklia, na hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo wanafunzi wanayachanganya sana.

La kwanza ni kurefuka. Fimbo ya urani ikikaa kwenye kinu inarefuka huku inakonda, ujazo wake uleule, na siyo ile ya chuma kutanuka kwa joto maana hata ikipoa hairudi. Sababu ni kwamba chini ya nyuzi 668 za Selsiasi hivi atomi za urani zimejipanga kwa namna ambayo pande tatu za fuwele, yaani zile punje za metali ambazo atomi zake zimepangika kwa safu, hazilingani, sasa atomi moja ikipasuka vile vipande viwili vinaruka kwa nguvu kubwa mno vinang'oa maelfu ya wenzao kwenye nafasi zao, zilizong'olewa zinajikusanya upande mmoja zinaunda tabaka jipya, na nafasi zilizobaki wazi zinajikusanya upande mwingine, basi fuwele inarefuka huku, inapungua kule, na upande wa tatu haubadiliki. Kama fuwele zote zimeelekea upande mmoja fimbo nzima inavutika. Ndo maana Waingereza kwenye vinu vyao vya Magnox, vile vilivyoanzia Calder Hall mwaka 1956, walikuja kuichanganya urani na aluminiamu na chuma kidogo sana, wakaipasha moto na kuipoza ghafla ili fuwele ziwe ndogo na kila moja iangalie kwake.

La pili ni kuvimba, na hapa ujazo unaongezeka kweli. Atomi za urani zikipasuka zinazaa pia gesi za zenoni na kriptoni ambazo hazikai na metali, zinatengeneza mapovu ndani kwa ndani na metali inaumuka kama maandazi yaliyotiwa hamira, mwisho inausukuma mrija ulioizunguka na mrija ukipasuka vitu vyenye mionzi vinatoka, hilo ndo tatizo lenyewe.

Suluhisho lake mi nalipenda sana: kwenye kinu cha EBR-II kule Idaho, Marekani, waliipa nafasi tu, fueli ikajaza kama asilimia 75 ya nafasi ya ndani ya mrija, ikaachwa ivimbe mpaka mapovu yaungane na gesi ipate njia ya kupanda juu kwenye chumba chake, na baada ya hapo metali haisukumi tena kwa nguvu.