Tela ya miwa na weldi iliyokatika: mnayosema na vile mambo yalivyo

Ukipita upande wa Muhoroni ama Chemelil, huko kwa miwa magharibi mwa Kenya, utakuta tela imelala kando ya barabara, shingo imekatika palepale kwa weldi, na kila mtu aliyesimama hapo ana sababu yake. Ya kwanza huwa ati chuma kilikuwa duni, kingekuwa kigumu zaidi kingekaa.

Hii ndio imekula pesa za watu sana. Chuma kigumu kinasaidia kabla hakijachomelewa, lakini ukishapitisha rodi ufa huanzia ukingoni mwa weldi, pale inapokutana na bamba, na hapo karibu kila mara kuna vipande vya slagi, yale maganda magumu rodi inaacha, vilivyonaswa na mikwaruzo ya kina cha sehemu ndogo tu ya milimita. Yaani weldi haingojei ufa uzaliwe, inaingia kazini ikiwa nao, na ufa ukishaanza kutembea kasi yake ni karibu ileile kwa chuma cha kawaida na kile cha bei. Ndio maana Eurocode 3, kanuni za Ulaya za kujenga kwa chuma, inapanga jointi zilizochomelewa kwa umbo lake, haiulizi chuma ni gredi gani.

Alafu kuna wale wa weldi nono, ati ikifura ndio imeshika. Ikifura sana inasimama wima pale ukingoni na mkazo wote unarundikana hapo. Afadhali uilainishe na grainda mpaka slagi iishe, na mikwaruzo ya diski ifuate njia mzigo unavuta, isiikate.

"Imebeba miaka yote hii na haijavunjika, iko sawa." Aah, hapana bosi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris na wenzake walionyesha kwamba mwendo wa ufa kwa kila mzunguko wa mzigo, yaani mzigo ukipanda na kushuka mara moja, unafuata tofauti kati ya mkazo ukiwa juu kabisa na ukiwa chini kabisa, na kwa chuma cha kawaida tofauti hiyo unaipandisha kwa kipeo cha 3 hivi, kama vile 2 × 2 × 2. Iongeze mara mbili, maisha ya jointi yanashuka mara nane. Iongeze 20% tu, kale ka-kuongezea miwa kidogo juu, unabaki na kama 58% ya maisha hayo.

Na msiseme ati tutauona ukiwa mdogo tuushughulikie. Piga hesabu rahisi ya kipeo hicho cha 3, bila kuingiza umbo la jointi: ufa uanze 0.25 mm, jointi ikatike ukifika 16 mm. Ukiwa 1 mm umeshakula 57% ya maisha, na ukiwa 4 mm, hapo ndio dereva anaanza kuuona kama ameosha tela, 86% imeenda. Kilichobaki kinaisha mbio.

Wengine hukagua kwa rangi, isipopasuka basi chini hakuna kitu. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la baharini la wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilipinduka Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, watu 123 wakafa. Ufa ulianzia kwa weldi ndogo ya kushikilia kifaa cha kusikiliza sauti majini, kitu hakuna mtu angekitilia maanani, na ndani ya ufa wakapata rangi, maana ulikuwepo jukwaa likipakwa rangi.

Ati upande ambao mzigo unausukuma badala ya kuuvuta haupasuki? Weldi ikipoa inajivuta yenyewe, mvuto unabaki ndani, kwa hivyo hata huko ufa unaweza kuanza.

Sasa ile ya kupitisha rodi juu ya ufa na kuondoka, hiyo mafundi wenyewe wanajua ni kuficha tu, ufa umebaki chini na utatokea tena. Ukate na grainda mpaka uishe kabisa, puliza ile dawa nyekundu ya kutafuta ufa, ngoja iingie, pangusa vizuri, puliza nyeupe inayoivuta nje. Mstari mwekundu ukitokea, bado hujamaliza kukata, na usiwashe mashine ya weldi.