Moto wa petroli: lenga ukingo, achana na ndimi

Pale Kibirizi, Kigoma, madumu ya petroli hushuka na kupanda kwenye maboti kutwa nzima, na baadhi ya wenye maboti wamenunua mtungi wa kuzimia moto. Tunawapongeza. Shida ni kwamba wengi huushika kwa mara ya kwanza siku moto umeshawaka, na mtungi wa unga wa kilo 6 huisha kwa sekunde 10 hadi 20 tu.

Kinachowaka ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, usionekane. Ukipuliza unga kwenye ndimi za juu umeumwaga bure, kwa sababu moto unakula huku chini, palipo na mafuta.

Simama mita 2 au 3 kutoka motoni, upepo ukikupiga mgongoni. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo ufukweni mara nyingi utaligeuzia ziwa mgongo. Vuta pini, lenga ukingo ulio karibu nawe, bana mkono wa mtungi, kisha fagia kushoto na kulia upana wote wa moto. Songa mbele pale tu ukingo unapokimbia. Anayeanza karibu mno huyarusha mafuta yanayowaka kwa nguvu ya unga, na dimbwi moja huwa mawili. Maji nayo usithubutu: petroli huelea juu yake na kusafiri nayo ikiwaka.

Moto ukizimika, usigeuke. Unga haupozi kitu. Bati likiwa bado la moto, mvuke huwaka tena ghafla. Rudi nyuma uso ukiuelekea, wala usikanyage mafuta yaliyomwagika. Mtungi wa povu ni bora kwa hilo, maana povu hufunika mafuta. Lielekeze kwenye ukuta au ubavu wa chombo literemke taratibu, usilichome katikati ya mafuta.

Ndani ya boti hakuna pa kurudi nyuma sana. Kwa hiyo mtungi usifungwe ubavuni mwa mashine wala karibu na madumu. Ufungwe mahali ambapo mkono utaufikia bila kuvuka moto. Kila mwezi tazama mshale wa kipimo chake kama bado uko kwenye kijani. Na kabla hujavuta pini, mtu mwingine awe ameshapiga 114, namba ya Zimamoto.