Alama Ndogo, Mzigo Mkubwa: Kumtabiri Mgonjwa Baada ya Upasuaji wa Moyo

Ndugu wa mgonjwa huniuliza swali lilelile kabla ya upasuaji: "Daktari, atapona?" Ni nadra mtu kuniuliza mgonjwa akitoka wodini atakwenda kuishi vipi, na nani atamchotea maji. Mimi hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi.

Kwa swali la kwanza tuna kikokotoo. Kinachotumika sana ni EuroSCORE II, kilichochapishwa mwaka 2012 kutokana na taarifa za wagonjwa zaidi ya 22,000 wa nchi 43. Unaingiza umri, jinsia, utendaji wa figo, nguvu ya moyo kusukuma damu, presha ya mishipa ya mapafu, kama kifua kiliwahi kufunguliwa, kama ni dharura, na mengineyo. Kinakupa asilimia ya uwezekano wa kufia hospitalini. Kikitoa 4, maana yake katika watu 100 wenye hali kama hiyo, wanne hivi hatutawaruhusu wakiwa hai. Ni wanne gani, hakisemi. Hapo huwa narudia maelezo, maana watu huisikia asilimia kama hukumu.

Sasa njoo Dodoma. Sehemu kubwa ya wanaohitaji vali mpya (milango inayoongoza damu ndani ya moyo) kwetu ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki, iliyoanza na maambukizi ya koo utotoni. Kwa upande wa umri, kikokotoo hiki huwahesabu wote wa miaka 60 kushuka chini sawasawa. Hatari huanza kupanda baada ya hapo. Chukua mfano wa binti wa miaka 22 kutoka Chemba, figo zake nzima: alama yake itatoka ndogo, ya kufurahisha. Mzee wa miaka 74 anayepandikizwa mishipa ya moyo, mstaafu wa Area C hapa mjini anayeishi na watoto wake, anaweza kutoka na alama kubwa kuliko ya binti huyo.

Siku ya ruhusa mambo yanageuka. Mzee anarudi kwenye nyumba yenye bomba ndani, na hospitali iko jirani. Binti anarudi kijijini na vali ambayo watu huiita ya chuma, ingawa nyingi siku hizi ni za kaboni, na pamoja nayo wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha yote. Ikiwa ni vali ya mitro, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inapaswa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Ikipanda sana, anavuja damu. Wiki za mwanzo dozi hupandishwa na kushushwa mara kwa mara, na zahanati nyingi za vijijini hazipimi INR. Ongeza sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, ili homa ya rumatiki isirudi. Ongeza mlenda! Vitamini K iliyo kwenye majani mabichi hupunguza nguvu ya wafarini, lakini kumkataza Mgogo mlenda ni kujidanganya. Ninachomwambia ni ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, asile mwingi masika kisha akauacha kabisa kiangazi.

Hakuna hata moja kati ya hayo ndani ya kikokotoo.

Kwa hiyo mipango ya ruhusa naianza kabla ya upasuaji. Nauliza maji yanatoka wapi, kwa sababu mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga na ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Nauliza ni mwezi gani. Mkulima aliyefanyiwa upasuaji Oktoba atataka kushika jembe mvua ya kwanza ikinyesha, na hakuna karatasi ya ruhusa itakayomzuia kama hatujakubaliana mapema nani atalima. Kwa wazee natazama pia mwendo wao: anayetumia sekunde 6 au zaidi kutembea mita 5 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya matatizo baada ya upasuaji, na naanza kutafuta msaidizi wa nyumbani tangu siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo majibu haya yanaweza kulibadilisha kabisa: aina ya vali. Vali ya tishu, inayotengenezwa kwa tishu za mnyama, kwa kawaida haidai wafarini ya maisha, ila kwa kijana huchakaa mapema na kifua kitafunguliwa tena. Ya chuma hudumu, lakini wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo ya mimba. Yule binti akiniambia anataka kuzaa, na kwamba nauli ya kwenda kupima damu hupatikana kwa kuuza kuku, hayo nayapeleka kwenye kikao cha upasuaji pamoja na picha za moyo wake. Mkubwa wa upasuaji akiuliza alama ni ngapi, namtajia, kisha naendelea na habari ya kuku.