Kolesteroli ya Mbwa Imeshuka? Usishangilie: Maswali Kuhusu Homa ya Kupe

Jumatatu ndiyo siku ninayoiogopa pale kliniki. Mbwa aliyeacha kula Ijumaa, akashinda amelala Jumamosi, akakojoa mkojo mweusi Jumapili, huletwa Jumatatu amebebwa kwa gunia. Awe wa Kayole au wa Karen penye mageti makubwa hapa Nairobi, hadithi ni ile ile. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa nikiwa bado namtafutia mshipa.

Homa ya kupe ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa babesia. Kijidudu hupitia mate ya kupe, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo na kuzipasua. Damu ikipungua fizi hupauka, macho huingia umanjano, na mkojo huwa rangi ya turungi. Huku kwetu tunayo Babesia rossi, iliyo kali kuliko aina nyingine zinazowapata mbwa.

Lakini daktari, sijaona kupe hata mmoja.

Kupe akishiba hudondoka, nazo dalili huja siku 10 hadi 21 baada ya kuumwa. Wale wachanga ni kama punje ya ufuta, na hujibanza katikati ya vidole. Kutoona kupe si ushahidi wa chochote.

Karatasi ya maabara inasema kolesteroli iko chini. Si hiyo ni habari njema?

Hapana. Unasoma karatasi ya mbwa kwa macho ya mtu aliyekatazwa nyama choma na daktari wake. Mbwa hasumbuliwi na mishipa ya moyo kuziba kama sisi. Kwake, sehemu kubwa ya kolesteroli husafirishwa ndani ya HDL, vifurushi vya mafuta kwenye damu ambavyo kwa binadamu tunavisifu kuwa vizuri, na mwili ukiwa vitani na maambukizi makali HDL hushuka. Tena babesia haiwezi kujitengenezea kolesteroli. Hukwapua ya mwenyeji wake ili ijijengee kuta inapozaana. Kwa hiyo mbwa mwenye homa ya kupe ambaye kolesteroli yake imeanguka ni mbwa anayeliwa kutoka ndani. Namba hiyo haiutambulishi ugonjwa, kwa sababu kazi hiyo ni ya tone la damu chini ya darubini, lakini inaniambia mwili umeelemewa.

Na trigliseridi, yale mafuta mengine ya damu, zilizo juu? Nimpunguzie mafuta kwenye chakula?

Mbwa ambaye hajala siku tatu utampunguzia nini? Mara nyingi trigliseridi hupanda kwa sababu ugonjwa umedhoofisha kimeng'enya kinachoziondoa kwenye damu, huku mwili wenye njaa ukiyeyusha akiba yake. Zikipanda sana, na mbwa anatapika na tumbo linamuuma, nafikiria kongosho, kwani babesia kali huweza kulichoma nalo.

Ila kuna zile tunazozipandisha wenyewe. Mtu anamnywesha mbwa supu ya mifupa yenye mafuta mengi saa chache kabla ya kuja, kisha damu ikizungushwa kwenye mashine majimaji yake yanatoka meupe kama maziwa. Hapo kipimo cha hemoglobini kinaweza kudanganya, kikaonyesha damu nyingi kuliko iliyopo. Ukija, niambie ukweli alikula nini na saa ngapi. Sitakugombeza. Sana.

Nilimpa parasetamoli ishushe homa kwanza.

Usimpe tena. Parasetamoli huumiza ini la mbwa na kuziharibu chembe nyekundu zile zile ambazo babesia inazipasua. Ni kumsaidia adui.

Naweza kusubiri hadi kesho nione?

Hapana. Mkojo wa turungi, fizi nyeupe, au kukataa chakula huku amelegea: mlete leo.

Hata kama bado anakunywa maji?

Hata kama anakunywa maji.

Pua yake ni baridi, lakini.

Pua haipimi homa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, hupimwa kwa kipimajoto nyuma, si kwa kiganja mbele. Mlete leo. Mbwa anayekuja siku ya kwanza huenda akaondoka kwa miguu yake baada ya sindano. Wa siku ya nne anahitaji kuongezewa damu, na hiyo damu inabidi itoke kwa mbwa mwingine ambaye wewe humjui na mimi sina benki yake.

Agroveti wameniuzia sindano ya ng'ombe, nimdunge mwenyewe?

Tafadhali usifanye hivyo. Ile ya diminazini, inayotibu malale ya ng'ombe, kwa mbwa kipimo kinachoponya na kinachoua viko karibu sana. Ukizidisha kidogo, siku chache baadaye anayumba na kutetemeka kwa sababu ubongo umeguswa. Hata imidokabu, dawa ya babesia tunayoitumia zaidi, hupigwa kwa uzito uliopimwa kwenye mizani, si kwa kukadiria.

Akipona, atahitaji dawa ya mafuta ya damu?

Hapana. Ugonjwa ukiondoka, mafuta hayo hurudi kawaida yenyewe.

Mlinzi wangu humpaka oili chafu ya gari. Inazuia kupe?

Inamuunguza ngozi, na akijilamba anaimeza. Kupe wa kahawia hashindi kwa mbwa. Hushuka na kutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za kibanda na za ukuta. Tumia vidonge au dawa ya matone ya mbwa iliyoandikwa uzito wake, kwa tarehe, bila kuruka. Kisha ziba zile nyufa, choma matandiko ya gunia, na umnyang'anye mlinzi huo mkebe wa oili.