Kabla hujawasha hita ya gesi saiti

Chukua mtungi wa kilo 6, ule unaopikia familia kwa wiki kadhaa Dar es Salaam au Nairobi. Ufunge kwenye hita ya saiti ya huku Marekani, ile yenye umbo la pipa na feni nyuma, iliyoandikwa 150,000 BTU ubavuni, yaani kipimo cha joto inalotoa kwa saa. Saa mbili hazitafika, gesi itakuwa imekwisha. Hita hiyo inakunywa zaidi ya kilo 3 za propani, gesi ya mitungi ya huku, kwa saa. Moto wake ni kama mafiga 15 ya jiko la gesi yamewashwa kwa pamoja, hakuna bomba la moshi, na jengo lenyewe madirisha yake yamezibwa kwa nailoni.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila msimu wa baridi, sisi tunaofundisha usalama wa kazi za ujenzi tunapokea vijana wa Goma, Kigoma na Mombasa wanaotuambia, "Mwalimu, gesi naijua, nimeipikia miaka kumi." Kweli wanaijua. Lakini wanaijua gesi ya jikoni, yenye moto mdogo, dirisha wazi na baridi isiyogandisha maji. Mazoea yale yale yaliyowalinda nyumbani ndiyo yanayowaponza huku.

Tuanze na hewa, maana hita inavuta hewa ile ile unayoivuta wewe. Propani ikiungua vizuri hutoa joto, mvuke wa maji na hewa ukaa. Oksijeni ikipungua chumbani, moto huanza kuungua nusunusu na kutoa kaboni monoksidi. Mtu aliyekulia Njombe, Makete au Limuru hahitaji kuelezwa sana hapo: amesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, mlango ukavunjwa asubuhi. Sumu ni hiyo hiyo. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Dalili zake zinadanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri kila mtu atasema ni mafua au uchovu. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: je, na mwenzako kichwa kinamuuma? Na je, mlipotoka nje kula mlijisikia nafuu, mkarudi ndani kikaanza tena? Kama jibu ni ndiyo, tokeni wote, piga 911, namba ya dharura ya huku, na mwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa mnafanya kazi kwenye hita ya gesi. Usiposema, unaweza kupewa dawa za mafua ukarudishwa nyumbani.

Hapa OSHA inaingia. Si ile OSHA ya Tanzania mnayoifahamu, hii ni mamlaka ya Marekani ya usalama na afya kazini. Majina yamegongana tu. Kanuni yake inataka hewa safi ya kutosha iingie kila mahali penye hita ya muda, na inaweka kikomo cha kaboni monoksidi kuwa sehemu 50 kwa kila milioni ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Kipimo cha 1,200 kinahesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa maisha. Kwa hiyo saiti iwe na kifaa kinachoonyesha namba. King'ora cha dukani cha kubandika ukutani nyumbani hakitoshi: kimeundwa kusubiri, na hewa ikiwa na sehemu 70 kinaruhusiwa kukaa hadi muda wa saa 4 kabla ya kulia. Zamu yenu inaweza kwisha hakijatoa sauti.

Ukubwa wa nafasi ya kuingizia hewa umeandikwa kwenye kibao cha hita au kijitabu chake. Pasome kabla ya kuwasha, kisha fungua nafasi hiyo kweli, usitegemee upenyo wa chini ya mlango. Najua utaona kama unapoteza joto. Msimamizi naye ataona hivyo hivyo, na ataiziba ukigeuka. Wekeni pale kibao cha onyo.

Jambo la pili wageni wengi hawalijui ni kwamba propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inajaa kwenye ghorofa la chini ya ardhi, kwenye shimo la lifti, kwenye mtaro wa mabomba. Ikifika asilimia 2 tu ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Mtungi usiteremshwe chini ya ardhi, hata kama huko ndiko baridi inakouma zaidi. Harufu ya kabeji iliyooza unayoisikia imetiwa makusudi, gesi yenyewe hainuki. Na harufu hiyo inaweza kufifia ndani ya mtungi mpya au wenye kutu, achilia mbali kwamba pua huizoea ikikaa nayo.

Mtungi wa saiti ni wa pauni 100, yaani kilo 45 za gesi. Ukijaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 77, kwa hiyo usafirishwe kwa toroli na ufungwe kwa mnyororo mahali pasipotikisika. Usimame wima muda wote. Ukilazwa, kinachoingia kwenye mpira si mvuke tena bali gesi ya maji, yaani gesi ikiwa kimiminika, na lita moja ya maji hayo hufura kuwa lita 270 za gesi. Nimeona moto wa hita ukitoka mbele kama ulimi wa joka kwa sababu mtu alilaza mtungi "umalizike vizuri". Tena vali ya usalama iliyo juu ya mtungi imewekwa ili itoe mvuke. Mtungi ukilala, vali ikifunguka inamwaga maji ya gesi.

Umbali ni huu. Hita ikae angalau futi 6, karibu mita 2, kutoka kwenye mtungi. Feni yake isielekezwe kwenye mtungi wowote ulio ndani ya futi 20. Turubai liwe mbali kwa futi 10 na lifungwe barabara, maana upepo wa usiku hulipeperusha likaja lenyewe kwenye moto. Kwenye sakafu ya mbao, hita ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mbao iwekwe juu ya kitu kisichopitisha joto, kilichotokeza futi 2 kila upande. Isimame sawasawa, si juu ya vipande vya tofali vinavyocheza.

Kufunga mpira kunawasumbua hata mafundi wazoefu, hasa waliozoea regulata za kubofya za nyumbani. Nati ya mtungi wa pauni 100 ina hesi za kushoto: kukaza unazungusha kinyume cha mshale wa saa. Mtu asiyejua hukaza kwa nguvu akidhani imeshika, kumbe analegeza. Tumia spana inayolingana, wala usifungie tepu wala gundi hapo. Kagua mpira wote kwa mkono, sentimita kwa sentimita, ukiukunja kidogo kutafuta nyufa. Uliopondwa na gurudumu la gari utupwe. Kisha fungua koki taratibu. Ukiifungua kwa pupa, vali ndogo ya kuzuia mmiminiko ndani ya mtungi inaweza kudhani mpira umekatika, ikajifunga, na hita isiwake. Paka povu la sabuni kwenye kila ungio. Povu likivimba, funga, kaza, paka tena. Kiberiti hakipimi uvujaji, hata kwa mzaha.

Hita ikikataa kuwaka, funga gesi usubiri dakika 5 kabla ya kujaribu tena, na inama unuse karibu na sakafu. Ikizimika yenyewe mara kwa mara, ina sababu. Ndani yake kuna kidude cha kuhisi moto kinachokata gesi moto unapopotea. Ukikifunga kwa waya ili "kisisumbue", umeondoa kitu kinachokata gesi moto ukizimika usiku.

Sasa nikae kidogo kwenye barafu, maana hapa ndipo watu wanapoungulia.

Propani ndani ya mtungi ni kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana inatumika huku. Butani, inayochanganywa kwenye gesi ya kupikia ya kwetu, huacha kuchemka karibu na sifuri, na mtungi wa butani tupu huku ungekaa kimya kama jiwe. Lakini kuchemka kunahitaji joto, na mtungi hulichukua joto hilo kwenye chuma chake na kwenye hewa inayouzunguka. Hita kubwa inavuta haraka, hewa yenyewe ni baridi kali, chuma kinapoa kuliko hewa, na ubavuni mwa mtungi unaota ukungu mweupe wa barafu. Juu ya mstari wa ukungu huo gesi ya maji imekwisha, chini yake bado ipo. Shinikizo linashuka, moto unapwaya, chumba kinapoa. Ni saa tisa za usiku, zege lilimwagwa jioni, na mtu anachukua bunduki ya moto ya kuchomea lami aupashe mtungi.

Usifanye hivyo. Usimwagie maji ya moto, usiuvike blanketi la umeme lisilotengenezwa kwa mitungi, usiusogeze mbele ya hita. Chuma kilicho juu ya maji ya gesi hakina cha kukipoza. Kikipigwa na moto kinalainika huku shinikizo likipanda. Vali ya usalama ikifunguka, inapuliza gesi palepale bunduki ya moto ilipo.

Dawa ni hesabu ya kabla. Kwa hita ya 150,000 BTU, kilo 45 zingetosha saa 14 kwa karatasi, lakini kwenye baridi kali mtungi mmoja hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo kwa muda mrefu, na kadiri unavyopungua ndivyo unavyozidi kushindwa. Mwambie anayewaletea gesi ukubwa wa hita na baridi inayotarajiwa, aunganishe mitungi miwili au mitatu kwa mabomba yake maalumu, au alete tangi. Mtungi mdogo wa kuchomea nyama, wa pauni 20, uacheni ufanye kazi yake ya nyama.

Kwa wapiga lipu na wa zege nina neno dogo lisilo la usalama. Kila kilo ya propani inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Mtungi mmoja wa kilo 45 unawaachia hewani lita zipatazo 74. Ndiyo maana kuta zinatokwa jasho na jasi haikauki, na watu wanaongeza hita nyingine wakidhani joto halitoshi. Hewa ukaa nayo, ikikutana na zege bichi katika siku yake ya kwanza, hula uso wake ukawa unga usiofutika kwa ufagio. Mahali kama hapo panahitaji hita ambayo moto wake uko nje, hewa ya moto peke yake ikaletwa ndani kwa bomba kubwa la kitambaa. Ni ghali kukodi, na naitetea kila nikipewa nafasi, kwa sababu inaondoa pia sumu niliyoanza nayo.

Ukiona jambo haliko sawa na huna Kiingereza cha kulieleza, jua kwamba OSHA inamtaka mwajiri akufundishe kwa lugha na namna unayoielewa. Karatasi uliyosainishwa bila kuielewa si mafunzo. Sheria inakataza kukuadhibu kwa kuripoti hatari. Omba mkalimani, au mwite mwenzako aliyetangulia, akae nawe mpaka uwashe na kuzima mwenyewe mara mbili.

Kuzima kunaanzia kwenye mtungi. Funga koki ya mtungi kwanza, acha moto ule gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka ufe wenyewe, ndipo ufunge hita na kuchomoa umeme. Hita isiachwe ikiwaka bila mtu wa kuiangalia. Ikilazimu iwake usiku, awepo mlinzi wa moto aliye macho, mwenye kizimamoto cha unga na namba za kupiga. Gesi ikishika moto kwenye ungio, cha kwanza ni kufunga koki kama mkono unafika salama. Ukiuzima moto wenyewe huku gesi ikiendelea kutoka, utakuwa umeibadilisha kuwa wingu linalotafuta cheche.

Mitungi isiyotumika, hata ile mitupu, ambayo haiwi mitupu kabisa, hailali ndani ya jengo. Itolewe nje, isimame wima, ifungwe mnyororo, na kofia zake zivishwe. Asubuhi kukiwa na theluji, futa kwanza regulata: ubavuni ina tundu dogo la kupumulia, na likizibwa na barafu inashindwa kupima shinikizo linaloenda kwenye hita.